Mgonjwa wa kompyuta aachwe aondoke

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa unasihi ameketi mbele ya kompyuta, amevaa visikizi. Kwenye skrini yupo mwanamume wa makamo, mabega yameinama, sauti iko chini. Amekuja kwa sababu kichwa kinamuuma na usingizi unamkatika saa tisa za usiku. Si mtu wa kweli, ni programu iliyotengenezwa ili wanafunzi wajifunzie kuhoji.

"Nimechoka tu," anasema mwanamume yule.

"Pole sana," anajibu mwanafunzi. "Umejaribu kufanya mazoezi? Yanasaidia sana usingizi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, na hapo moyo ukanishtuka. Mtu ametamka maneno mawili yaliyobeba mwaka mzima, naye amepewa ushauri ambao hata jirani angempa. Nikangoja aanze kujifunga. Wapi! Mwanamume wa kwenye skrini alishukuru kwa kusikilizwa, kisha akamwaga yote kwa mpangilio: kazi aliyoipoteza, aibu mbele ya mkewe, chakula kisichopita kooni, na fikra kwamba familia ingepata nafuu kama yeye asingekuwapo. Mazungumzo yalipokwisha programu ikatoa alama 82 kwa 100. Mwanafunzi akanigeukia akitabasamu, na sikumlaumu, kwa kuwa kila kilichokuwa mbele yake kilimwambia kwamba amefanya vizuri.

Mtu wa kweli hajibu hivyo. Angesema, "Sawa, nitajaribu." Angeshukuru kwa adabu, angekubali miadi ya wiki ijayo, halafu tusingemwona tena. Hoja yangu yote imo humo. Sipingi wagonjwa wa kompyuta. Nimewatumia, na nataka wanafunzi wengi zaidi wawapate. Ila wengi wa wale ninaowaona wamenyimwa uwezo mmoja, nao ndio unaomfundisha mnasihi kazi: uwezo wa kuondoka.

Kumwigiza mgonjwa si jambo la jana. Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mfumo wa neva katika University of Southern California, alimfundisha mtu mwenye afya yake aigize dalili za ugonjwa ili wanafunzi wote wa udaktari wapimwe kwa mgonjwa mmoja, aliye sawa kwa kila mmoja wao. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, wakautangaza mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi anapita kituo hadi kituo na katika kila kimoja anapewa kazi yake. Katika chuo kilekile cha Barrows, zaidi ya miaka 40 baadaye, watafiti walimtengeneza Justina, msichana wa kwenye skrini aliyeshambuliwa kingono, ili wanafunzi wajifunze kuongea na mtu aliyejeruhiwa namna hiyo. Justina alikuwa na majibu yaliyoandikwa mapema. Kompyuta ilisikiliza swali, ikatafuta katika hazina yake jibu linalokaribiana nalo, ikalitoa. Swali likipinda kidogo, jibu nalo lilikwenda kombo.

Lakini mgonjwa wa kompyuta anayenifikirisha kuliko wote ni wa zamani zaidi. Mwaka 1972 Kenneth Colby, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa programu iliyoitwa PARRY. Aliyeigizwa alikuwa karani wa posta wa miaka 28, hajaoa, anayeamini kwamba genge la Mafia linamwinda kutokana na ugomvi wa kamari za mbio za farasi. PARRY hakuwa na sura wala sauti, na uwezo wake wa lugha ulikuwa mdogo mno kwa vipimo vya leo. Hata hivyo Colby alimpa kitu ambacho wengi wa warithi wake hawana. Ndani ya programu kulikuwa na viwango vitatu vilivyopanda na kushuka: hofu, hasira na kutoamini. Swali lililomgusa pabaya lilivipandisha, naye akabadilika, akawa mkali, akaanza kukwepa, akamshuku anayemhoji. Madaktari wa magonjwa ya akili walipopewa maandishi ya mazungumzo yake pamoja na ya wagonjwa halisi, hawakuweza kuwatofautisha zaidi ya mtu anayebahatisha.

Sasa tazama wagonjwa wanaojengwa juu ya modeli kubwa za lugha, yaani programu zilizojifunza kuongea kutokana na maandishi mengi mno, zile zilizoenea baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022. Wanaongea vizuri kupita kiasi. Swali lipindishe utakavyo, watalielewa. Tatizo liko katika malezi yao. Modeli hizi hufinyangwa kwa maoni ya watu wanaopima majibu, na watu hupenda jibu la upole, lililokamilika, linalotatua shida ya muulizaji. Ukiiambia modeli iliyolelewa hivyo iwe mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, itavaa maneno ya sonona, lakini chini ya vazi hilo itabaki msaidizi mwenye hamu ya kukupa ulichokuja kutafuta. Mtu mwenye sonona hana hamu hiyo. Mara nyingi hata maneno hana, na yale machache aliyonayo anayatoa moja moja ili aone utayafanyia nini.

Yapo mambo ambayo chombo hiki kinayafanya kuliko chochote kingine tulichonacho. La kwanza kwangu ni swali la kujiua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na swali linaloweza kumfikia mtu kabla ya siku hiyo huwashinda wanafunzi kulitamka. Nimewasikia wakilizungukazunguka. Sauti inashuka, macho yanakwenda sakafuni, halafu linatoka hivi: "Huna mawazo mabaya, sivyo?" Swali la namna hiyo limekwisha kuchagua jibu. Mtu anaambiwa kwamba anayemhoji anaogopa kusikia ndiyo, naye kwa huruma yake anamjibu hapana.

Wengi wao wanaogopa kwamba kutaja kujiua ni kumpandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona ushahidi wa hofu hiyo, na yaliona dalili kwamba kuulizwa kunaweza hata kupunguza mawazo hayo. Wanafunzi wanafundishwa hivyo darasani, wanaandika kwenye daftari, na bado mdomo unakataa. Hapo kinachohitajika ni kulisema, tena na tena, mpaka neno lipoteze miiba: "Watu wanaopitia hali kama yako wakati mwingine huwaza kujiua. Wewe umewahi kuwaza hivyo?" Kisha kunyamaza. Mwigizaji aliye hai hawezi kuulizwa hivyo mara 30 kwa alasiri moja bila kuumia, maana anayeigiza kukata tamaa siku nzima huondoka na sehemu ya mzigo huo. Mgonjwa halisi ndiyo kabisa, hawezi kuwa uwanja wa mazoezi ya mtu anayejifunza kutamka neno. Kompyuta inaweza, na kwa kazi hiyo peke yake ingetosha kuwekwa katika kila chuo.

Nasema hivyo nikijua kwamba jibu la wakubwa wengi katika fani hii huwa moja: mwanafunzi ataelewa akishaanza kazi, uzoefu utamfunza. Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoa tiba 170 na wagonjwa wao zaidi ya 6,500, kwa wastani wa karibu miaka 5 kwa kila mtoa tiba. Kwa jumla hawakuwa wakipata matokeo bora kadiri miaka ilivyokwenda. Walishuka, kidogo sana, lakini walishuka. Wapo waliopanda, ila miaka yenyewe haikuwa mwalimu.

Kwa nini? Seremala akikata mguu wa kiti ukawa mfupi, kiti kinayumba mbele ya macho yake. Mnasihi akikosea, mara nyingi haoni kitu. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2005, watoa tiba waliombwa kutabiri ni nani kati ya wateja wao 550 angemaliza tiba akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Walitaja 3. Walioishia huko walikuwa 40. Na uchambuzi wa tafiti 669 uliotolewa mwaka 2012 na Joshua Swift na Roger Greenberg ulionyesha kwamba takriban mteja 1 kati ya 5 huacha tiba kabla ya wakati wake. Huyo anayeacha haandiki barua. Hapigi simu kusema, ulinipoteza pale uliponikatiza. Jina lake linafutwa kwenye orodha ya miadi, na mnasihi anajiambia kwamba huenda amepata nafuu, au nauli imemshinda, au hakuwa tayari kwa tiba. Kosa lenyewe linabaki palepale, linamngoja anayefuata.

Nami ninaye wangu. Nilipokuwa bado mwanafunzi alinijia mama mmoja, tukaongea karibu saa nzima, akaniambia nimemsaidia sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakurudi. Imepita miaka mingi, na bado sijui ni lipi kati ya yale niliyoyasema lililomfukuza.

Kwa hiyo ninapowasikia watengenezaji wakijisifu kwamba mgonjwa wao ni mvumilivu, hachoki wala hakasiriki, anaweza kurudiwa mpaka mwanafunzi afaulu, naona wanaikosa zawadi iliyomo mikononi mwao. Kompyuta inaweza kufanya jambo ambalo dunia ya kweli hainipi: mgonjwa anaweza kuondoka, kisha akaniambia kwa nini. Hebu mfikirie yule mwanamume wa mwanzo akiwa ametengenezwa hivyo. Anaambiwa habari za mazoezi, anasema sawa, majibu yake yanafupika, anaitazama saa, anashukuru, anatoka. Alama haitolewi. Kesho yake mwanafunzi anafungua programu, kiti ni kitupu. Baadaye, msimamizi anapoona wakati umefika, mwanamume anarudi si kama mgonjwa bali kama shahidi: "Niliposema nimechoka, nilikuwa nangoja uniulize nimechoshwa na nini. Ulipotaja mazoezi nikajua tumeishia hapo." Mama yule aliyenishika mkono angeweza kunifundisha kwa sentensi moja kama hiyo kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Sitaki mgonjwa anayekimbia kwa kila kosa. Huyo naye ni mwongo, na atawafanya wanafunzi waogope kufungua kinywa. Watu hutusamehe mengi tukiwaonyesha kwamba tumeona tulipowakosea. Mwanasaikolojia Jeremy Safran alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kwenye nyakati hizo ambazo uhusiano wa tiba hupata ufa, na alichokisisitiza ni kwamba ufa ukitambuliwa na kuzibwa, tiba inaweza kutoka pale ikiwa imara kuliko awali. Basi mwanafunzi akigundua, akasema, "Samahani, nimekimbilia ushauri kabla ya kukusikia. Umesema umechoka," mgonjwa wa kompyuta awe na njia ya kurudi. Arudi taratibu, kwa jibu refu kidogo kuliko lililotangulia, bila kumwaga kila kitu kwa shukrani. Kuandika programu yenye subira ya namna hiyo ni kazi ngumu, na sioni kazi nyingine katika eneo hili inayostahili jasho zaidi.

Mtu anaweza kuuliza kama maneno yanayosemwa kwa mgonjwa wa bandia yana uhusiano wowote na kazi halisi. Yanao. Timothy Anderson na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, waliwaonyesha watoa tiba vipande vya video vya wateja wagumu, mwenye hasira, aliyejifungia, anayemdharau mtoa tiba, wakawataka wajibu papo hapo kana kwamba mtu yupo chumbani. Ubora wa majibu hayo ulitabiri jinsi wateja wao wa kweli walivyopata nafuu. Angalieni ni wateja wa aina gani waliochaguliwa. Hakuna aliyekuja na shukrani.

Kuhusu alama sina mengi. Programu inayohesabu kama mwanafunzi ameuliza habari za usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili na mawazo ya kifo inapima dodoso, na dodoso tayari tunalo. Nimewaona wanafunzi hodari wakijifunza kuishinda, wakipita juu ya machozi ya mtu ili wafike kwenye swali la saba kabla ya muda kwisha.

Kinachonisumbua zaidi ni kimya. Wengi wa wagonjwa hawa bado ni wa kuandikiana. Mwanafunzi anaandika, anafuta, anaandika upya, anatuma sentensi iliyonyooka, na jibu linakuja papo hapo. Chumbani hakuna cha kufuta. Kuna sekunde 10 ambazo mtu anatazama mikono yake na wewe hujui kama analia au anatafuta neno, na kila mshipa wako unataka kusema chochote ili sekunde hizo ziishe. Kazi ni kukaa ndani yake. Hata nyingi kati ya programu zenye sauti hukichukulia kimya kama hitilafu: mgonjwa akiona hujasema kitu anauliza kama bado upo. Ningeanza kurekebisha hapo. Mgonjwa aruhusiwe kunyamaza, na mwanafunzi anayenyamaza naye asionekane amekwama.

Halafu lipo swali la nani anamwandika mgonjwa. Modeli imejifunza sonona kutoka kwa watu walioiandika, na walioiandika ni wale waliopata jina la ugonjwa, muda wa kuandika na ujasiri wa kuonekana. Wanaosema "mwili hauna nguvu" au "kichwa kinawaka moto" na kuishia hapo ni wachache katika maandishi, ilhali ndio wanaojaza mabenchi ya kliniki. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walitoa chombo kinachowaruhusu wanasihi wenye uzoefu kumsahihisha mgonjwa wa kompyuta kwa maneno ya kawaida, hapa umejibu upesi mno, hapa mtu angesita, na masahihisho hayo yakageuzwa kuwa kanuni anazozifuata. Ni hatua njema. Ningependa walioishi na ugonjwa wenyewe wakae kwenye meza hiyo, walipwe kama wataalamu wengine, na wawe na neno la mwisho kuhusu mtu anayesemekana kuwaigiza. Tusipofanya hivyo tunaweza kuumiza tukidhani tunaponya. Mapitio ya mwaka 2011 kuhusu mazoezi ambayo wanafunzi huvaa visikizi na kusikilizishwa sauti kama zile wanazozisikia baadhi ya wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, yaligundua kwamba huruma iliongezeka, na wakati huohuo hamu ya kukaa mbali na wagonjwa hao nayo iliongezeka. Wanafunzi walionjeshwa kitisho, hawakuonjeshwa namna watu wanavyoishi nacho, wanavyokwenda kazini nacho na kupika nacho.

Yote haya yanarudi kwa mtu mmoja ambaye bajeti humwona wa kwanza kupunguzwa, msimamizi. Mgonjwa anayeondoka bila mtu wa kukaa na mwanafunzi baadaye atamwacha na jeraha tu, au na tabia ya kubofya "anza upya". Kubofya huko nakuogopa. Hakuna kitufe hicho mbele ya mtu. Chuo kikinunua programu ili mwalimu mmoja asimamie wanafunzi 60 badala ya 15, kimenunua hasara. Kikiinunua ili saa ambazo mwalimu alikuwa akizitumia kuigiza mgonjwa yeye mwenyewe, kwa uchovu na kwa kurudiarudia, sasa azitumie kusoma mazungumzo pamoja na mwanafunzi mstari kwa mstari, hapo nitakuwa wa kwanza kushangilia. Na mazungumzo hayo yalindwe. Mwanafunzi anayejua kwamba kila kigugumizi chake kinahifadhiwa na kampuni asiyoijua hatathubutu kukosea, na pasipo kuthubutu kukosea hapana mazoezi.

Wiki tatu baada ya siku ile ya alama 82, nilimrudisha mwanafunzi wangu kwenye kiti kilekile. Safari hii tulikuwa tumeyaandika upya maelekezo ya mgonjwa. Tulimpunguzia maneno, tukampa aibu, tukamruhusu kuondoka. Mwanafunzi hakuambiwa. Mwanamume alieleza habari za kichwa na usingizi, akasema amechoka, akapewa pole na swali kuhusu chai ya jioni. Dakika ya tisa akasema asante, nimeelewa, nitarudi wiki ijayo. Skrini ikabaki na kiti kitupu.

"Unaonaje?" nilimuuliza.

"Vizuri," akasema. "Amekuwa mfupi, lakini amesema atarudi."

Sikumjibu. Nilifungua maandishi ya mazungumzo, nikasogeza kiti changu karibu na chake, tukaanza kusoma kutoka juu bila haraka. Kwenye mstari wa sita alisimama. Aliusoma kimoyomoyo, akaurudia kwa sauti, "Nimechoka tu," akaweka kidole juu yake, na kwa muda mrefu hakukiondoa.